Shehena ya Kurudi: Faida ya Meli Ziwani na Uhai wa Takwimu za Vijijini



Huwa naulizwa inakuwaje mtu wa menejimenti atafiti faida ya meli za mizigo na, papo hapo, miradi ya takwimu za vijijini. Nimeyaweka pamoja kwa sababu kote kuwili tunapiga hesabu ya safari ya kwenda, ya kurudi tunaisahau.

MV Umoja, meli ya kubeba mabehewa katika Ziwa Victoria, ilijengwa Uskoti katikati ya miaka ya 1960, pamoja na MV Uhuru, kwa ajili ya reli ya pamoja ya Afrika Mashariki. Behewa lililotoka Dar es Salaam linafika bandari ya Mwanza Kusini, linasukumwa juu ya reli hadi ndani ya meli, na kushushwa Port Bell, Uganda, bila kuli kugusa gunia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ikabaki kwetu Tanzania na Uhuru ikaenda Kenya. Baadaye safari za Port Bell zilisimama kwa miaka mingi, hadi Juni 2018 Umoja ilipovusha tena mabehewa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini mhasibu anauliza: yale mabehewa yalirudi na nini?

Mishahara ya mabaharia, bima na ukarabati wa chelezoni hulipwa hata meli ikiwa imefungwa gatini. Kwenye mafuta kuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Nguvu ya injini hupanda takribani kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo nahodha akipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika hushuka kwa karibu asilimia 27. Na hata ukihesabu kwamba safari imerefuka, mafuta ya safari nzima hupungua kwa karibu asilimia 19. Akiba hiyo inaweza kumalizwa na kusubiri zamu ya kupakua, au na safari moja ya kurudi bila mzigo. Ndiyo maana njia ya Bukoba naipenda: inakwenda na simenti, bia na mabati, inarudi na ndizi na kahawa za Kagera. Tangu Juni 2025, hata hivyo, mwenye lori anapita Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 na ushee, bila kungoja kivuko. Meli itakayochelewa gatini haitamsubirisha tena.

Sasa twende mwaloni, ambako shehena ni takwimu. Mchukua takwimu wa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi ufukweni, anasimama ufukweni alfajiri na daftari lake: namba ya mtumbwi, mashine au kasia, aina ya nyavu, kilo za sangara. Dagaa mara nyingi hawapandi mizani. Anauliza ni ndoo ngapi, kisha anakadiria. Na dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Mtafiti aliyepanga ratiba yake ofisini, akafika siku za mbalamwezi, ataandika kwamba dagaa wameadimika. Mama anayeanika dagaa kwenye mchanga ule ule angelisahihisha jedwali hilo kwa dakika moja, lau lingeletwa mbele yake. Haliletwi.

Mwaka huo huo wa 2018, Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, ilipita kwenye fukwe hizi na nyavu haramu zikachomwa moto. Mvuvi aliyeuona moto ule, akijiwa na mgeni mwenye daftari, atataja kilo pungufu, na mimi simlaumu. Hajawahi kuonyeshwa faida ya kusema kweli.

Kisesa, wilayani Magu, ni habari tofauti. Tangu 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamekuwa wakirudi nyumba kwa nyumba kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Walipokuja kupima damu walikuja pia na kliniki ya muda, na watu wakatibiwa. Kabla ya hapo, kati ya 1991 na 1994, utafiti katika jamii 12 za mkoa huu wa Mwanza ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dawa na mafunzo ya watumishi vilikuwa sehemu ya utafiti wenyewe. Kwa maoni yangu, huko kuwarudishia watu kitu ndiko kulikoijenga imani ambayo kompyuta kibao na programu mpya haziwezi kuinunua.

Kwa hiyo naiomba idara yetu, mbele yenu wote, kuanzia mwaka ujao wa masomo isipitishe pendekezo lolote la utafiti wa kijijini lisilo na fungu la mkutano wa kurudisha matokeo: nauli, karatasi za majedwali kwa Kiswahili, na tarehe iliyokubaliwa na mwenyekiti wa kijiji. Fungu hilo lisiguswe fedha zikipungua. Likikosekana, pendekezo lirudishwe kwa mwanafunzi, na kwa profesa vilevile.