Mordekai Alipita Kila Siku

Somo: Esta 2:5–11

 

Tukisoma kitabu cha Esta, wengi wetu humtazama Esta mwenyewe, yule malkia aliyewaokoa watu wake. Asubuhi hii tumtazame Mordekai. Esta alikuwa yatima, hana baba wala mama, na Mordekai, mtu wa jamaa yake, akamchukua akamlea kama binti yake mwenyewe. Kisha siku ikafika, msichana akatolewa katika nyumba ile, akapelekwa katika jumba la mfalme Ahasuero, mahali pageni penye desturi ngeni. Je, Mordekai alisema, "Sasa amekuwa mkubwa, kazi yangu imekwisha"? Hasha! Mstari wa 11 watuambia kwamba kila siku alipita mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali ya Esta. Alikuwa amemaliza kumlea, lakini hakuwa amemaliza kuwa mtu wake.

Ndugu zangu, nina ungamo la kutoa. Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili moja ya Desemba, kijana aliningoja mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Alikuwa na sanduku lake la shule na blanketi moja. Alilelewa katika makao ya watoto tangu akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne, ametimiza miaka 18, na makao yalimwambia kwa upole kwamba kitanda chake kinangojewa na mtoto mwingine. Akaniuliza, "Pasta, niende wapi?"

Nilimwombea. Nikampa nauli ya kwenda kwa mjomba ambaye jina lake lilikuwa katika faili. Nikamwambia Mungu atafungua njia, kisha nikaenda nyumbani kula chakula cha mchana.

Mwezi wa Machi nilimkuta sokoni, amelala chini ya meza ya kuuzia mboga. Yule mjomba alikuwa amefariki zamani, na waliobaki bomani hawakumjua. Nikamwuliza kwa nini hakurudi kwangu. Akajibu bila hasira, "Pasta, ulikuwa umekwisha kuniombea."

Wapendwa, neno hilo halijaniacha hata leo. Nilikuwa nimeyafanya maombi kuwa mlango wa kumtolea mtu nje.

Tulimchukua nyumbani, na hapo nikaanza kujifunza. Mke wangu alimtuma dukani kununua unga, akarudi mikono mitupu, amechanganyikiwa, kwa maana hakuwa amenunua unga maisha yake yote. Alijua kusonga ugali wa watoto themanini, lakini hakujua kupika wa mtu mmoja. Tena hakuwa na kitambulisho. Alipokwenda kukiomba alitakiwa alete cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, na naibu wa chifu akamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Alinyamaza tu. Na bila kitambulisho, ni nani atamwandika kazi? Ni benki gani itamfungulia akaunti?

Mtoto wako na wangu akimaliza shule ana mjomba mwenye gereji, ana shangazi mwenye cherehani, ana jirani aliyesikia mahali fulani wanataka karani. Huyu ana cheti cha shule, basi. Wazee wetu walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli. Lakini asiye na mama, je, tumwachie ulimwengu kwa sababu hiyo?

Kanisa halikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1966 Wakristo wa Baraza la Makanisa hapa Kenya waliwatazama vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa nafasi, wakauliza katika ripoti yao: baada ya shule, nini? Katika swali hilo ndimo vilimozaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo vimewapa vijana wengi useremala, uashi na ushonaji. Na mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa mpango wa miaka 10 wa kuwaondoa watoto katika makao, wakalelewe katika jamaa na jumuiya. Ni jambo jema. Lakini jumuiya hiyo ni nani? Ni wewe na mimi.

Katika ushirika wetu palikuwa na mzee seremala, mtu wa maneno machache. Alimwuliza yule kijana swali ambalo mimi, pamoja na masomo yangu yote ya chuo cha theolojia, sikuwa nimeliuliza: "Mikono yako imewahi kutengeneza nini?" Kijana akasema, kule makaoni alikuwa akitengeneza miguu ya vitanda ikivunjika. Mzee akampa randa, akamwambia aje Jumatatu.

Haikuwa rahisi. Mara mbili kijana alitoroka, na mara moja aliuza msumeno wa mzee. Kila mara mzee alikwenda kumtafuta. Hakumhubiria. Alimwambia tu kwamba kazi inamngoja. Kitambulisho kilipatikana baada ya safari nyingi, mkuu wa makao akiandika barua, nami nikikaa naye kwenye benchi la ofisi. Baadaye akafanya mtihani wa ufundi wa serikali, wa daraja la tatu, akapita. Leo analipa kodi ya chumba chake. Asipoonekana kanisani, mke wa yule mzee huuliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Mtume Paulo alipofika Korintho, mgeni katika mji mkubwa, Akila na Priskila walimkaribisha wakafanya kazi pamoja ya kushona mahema (Matendo 18:3). Alipata kazi na pa kulala mahali pamoja.

Basi nawaomba jambo moja juma hili. Je, katika parokia yenu kuna makao ya watoto? Msingoje Krismasi mkapeleke mchele na nguo kuukuu. Nendeni mkaulize ni wangapi wana miaka 15 na 16, na kama vyeti vyao vya kuzaliwa vipo. Fundi, mwalike mmoja likizoni aone kazi yako. Mama, mfundishe mmoja kununua sokoni na kuweka akiba. Kisha, atakapoondoka pale, awe na mlango mmoja wa kubisha sikukuu ikifika, na mtu mmoja apitaye kujua hali yake.

Bwana wetu aliahidi kwamba hatatuacha yatima (Yohana 14:18). Sisi tuliopokea ahadi hiyo, tusiwaache wengine.

Na tuombe. Ee Baba wa yatima, utusamehe tulipowaombea watoto wako na kuwapa kisogo. Utupe miguu ya Mordekai, ipitayo kila siku. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.