Usukani Uliochakaa: Ya Kutengeneza na Yasiyoguswa

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama na madereva



Labda wengine watauliza, watu wa reli wana habari gani na usukani wa motokaa? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si refu. Reli hupita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, lakini haifiki Wote, wala haifiki Kitui mjini. Ndivyo ilivyokuwa tangu njia ya kwanza ilipofika Nairobi mwaka 1899, na reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 haikubadili jambo hilo. Mtu akishuka Kibwezi naye anakwenda Mutomo, hana budi kupanda gari. Tena wengi wetu tukipata kiinua mgongo hununua veni ya zamani, tukaipakia maembe, magunia ya ndengu na mitungi ya maji. Basi habari ya veni ya zamani ni habari yetu.

Leo twataka kusema juu ya kitu kimoja tu, nacho ni kile ambacho dereva hushika kutwa nzima. Gari la zamani likikaa juani Makueni au Kitui miaka mingi, usukani wake hupasuka. Jua huingia kwa kioo cha mbele na kukausha ule mpira mgumu uliofunika chuma. Jasho la mikono na vumbi huingia ndani ya nyufa. Kisha dereva hufunga kipande cha tyubu, au kamba ya katani, au utepe wa umeme, akaendelea na safari. Ufa hauonekani tena, lakini upo.

Wazee wetu wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatuagizi tufunike ufa kwa kitambaa. Kabla ya kuziba, yatupasa kujua ufa uko wapi.

Ndugu, usukani una ngozi na una mfupa. Ngozi ni ule mpira au plastiki ya nje. Mfupa ni chuma kilicho ndani ya duara, pamoja na mikono yake inayokwenda katikati, na kitovu chenye meno yanayokamata shafti. Ngozi tunaweza kuitengeneza wenyewe kwa uangalifu. Mfupa hatuutengenezi. Mfupa ukiharibika, usukani hutupwa na kutafutwa mwingine ulio mzima. Hilo ndilo neno letu la leo, na mengine yote ni maelezo yake.

Tutajuaje basi kama ni ngozi au mfupa? Kwenye reli, wakaguzi wa zamani walipita kando ya behewa wakigonga kila gurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima lililia kama kengele, na lenye ufa lililia kama chungu kilichopasuka. Usukani hatuugongi, lakini nia ni ile ile, yaani kuuliza chuma chenyewe wala si rangi yake.

Simamisha gari mahali pa sawa, uzime injini, magurudumu ya mbele yaelekee mbele. Ondoa matambara yote yaliyofungwa. Shika duara kwa mikono miwili, kulia na kushoto, uvute kuelekea kifuani, kisha usukume. Duara likipinda, au mkono wa usukani ukijongea mahali unapoungana na duara, hapo ni mfupa. Angalia pia kama kutu imetoka ndani ya ufa na kula chuma. Halafu tikisa usukani mzima juu na chini. Ukilia au kucheza, huenda nati ya kitovu imelegea, au bushi ya shafti imekwisha. Mwisho, ugeuze polepole huku mwenzako akitazama magurudumu ya mbele. Usukani ukizunguka upana wa vidole viwili au zaidi kabla magurudumu hayajaanza kufuata, usiende popote mpaka fundi ametafuta sababu. Hata kwa mchezo mdogo zaidi, kitabu cha gari lako ndicho chenye amri. Ubovu wa namna hiyo haumo katika duara la usukani, na gundi yoyote haitauponya.

Sasa tuseme mfupa ni mzima na ngozi tu ndiyo iliyopasuka. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, tazama katikati ya usukani. Ukiona herufi SRS, acha. Maana yake gari lina mfuko wa hewa unaofyatuka kwa baruti wakati wa ajali. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefundishwa, na waya zake hazipimwi kwa taa wala kwa betri. Sisi twasema juu ya magari ya zamani yasiyokuwa na mfuko huo.

Pili, fungua waya wa betri ili honi isilie na waya zisiungue. Toa kifuniko cha honi. Tia alama kwenye kitovu na kwenye ncha ya shafti, ili usukani urudi pale pale ulipokuwa.

Tatu, legeza nati lakini usiitoe kabisa. Iache imeshika nyuzi chache. Usukani uliokaa miaka mingi hung'oka kwa ghafula, na mtu aliyeutoa nati huupokea kwa meno yake. Tumia chombo cha kuvutia, kile chenye miguu na skrubu ya katikati. Usipige ncha ya shafti kwa nyundo, maana utaharibu nyuzi, na beringi zilizo chini pia.

Nne, osha ngozi kwa maji na sabuni, ikauke kabisa. Panua kila ufa kwa tupa ndogo au ubao wa msumeno wa chuma, uwe mpana juu na mwembamba chini, ili gundi ipate mahali pa kushika. Ukikutana na chuma, kisugue kutu yote mpaka king'ae. Kama chuma kimeliwa, rudi kwenye neno letu la kwanza: ni mfupa, utupe. Kama ni kizima, pangusa kwa spiriti, mbali na moto na sigara.

Tano, changanya gundi ya epoksi, ile ya sehemu mbili inayogeuka kuwa ngumu, kwa vipimo vilivyoandikwa juu yake. Usiongeze sehemu ya kukausha kwa haraka ya safari. Vaa glavu, kwa sababu gundi hiyo huwasha ngozi ya watu wengi. Jaza ufa mpaka ipite juu kidogo, kisha uiache muda wote ulioandikwa, hata ikiwa ni siku nzima. Halafu sugua kwa msasa, kwanza ule mkali, kisha ule laini wenye maji. Funika pua na mdomo, vumbi lile si la kuvuta. Fuata mviringo wa duara polepole, kama fundi wa vinyago anavyofuata mti. Ukimaliza, paka rangi inayofaa plastiki, wala usipake kitu kinachoteleza mkononi.

Sita, kama unataka ngozi ya ng'ombe juu yake, mpe fundi wa viatu aishone kwa kuibana barabara. Kifuniko kinachozunguka juu ya duara ni hatari kuliko nyufa, kwa maana dereva hugeuza kifuniko na gari likaendelea moja kwa moja.

Saba, rudisha usukani kwenye alama zake. Tia washa mpya ya kufungia, ukaze nati kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Rudisha betri. Jaribu honi, jaribu taa za kupinda, ugeuze usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto. Kisha endesha polepole uwanjani, pasipo watu wala mzigo, kabla ya kuingia barabara kuu ya Mombasa.

Yako mambo matatu tunayoyakataza kabisa. Usichomelee duara, mkono wala kitovu cha usukani, kwa kuwa moto hubadili chuma, na kiungo huonekana kizuri mpaka siku ya shimo kubwa. Usitie usukani wa gari jingine wenye meno yasiyolingana, ukajaza nafasi kwa kipande cha bati, kwa maana bati hukatika na meno huteleza. Na usinunue usukani kwenye vyuma chakavu bila kuuleta karibu na shafti yako na kuhesabu meno.

Sasa tuseme na ninyi mlioajiriwa kuendesha magari ya watu. Twajua dereva huambiwa, "Endesha tu, tutatengeneza mwisho wa mwezi." Naye ana watoto, na karo inangoja, basi huendesha. Ndugu, sheria haikukuacha peke yako. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, kifungu cha 55, yasema kwamba sehemu zote za gari lililo barabarani zitunzwe zisiwe hatari kwa watu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi amwambie mkubwa wake akiona hatari kubwa. Mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa, wala kumwadhibu kwa kuikimbia akiwa na sababu ya haki.

Kwa hiyo, ukiona mfupa wa usukani umevunjika, andika. Andika tarehe, namba ya gari, na ulichokiona, kwa maneno machache. Mpe mkubwa wako karatasi moja, ubaki na nakala, na nyingine ulete kwa katibu wa tawi. Neno la mdomo husahauliwa, karatasi haisahauliwi. Na dereva mmoja akikataa gari bovu, mwenzake asilichukue kwa ajili ya posho ya siku moja. Akilichukua, amemwondolea ndugu yake haki, na amejichukulia hatari yeye na abiria wake.

Gundi, msasa na tupa si vitu vya bei kubwa, na kazi yenyewe ni ya siku mbili kwa mtu mvumilivu. Lakini usukani mzima ni wa kila mtu aliye ndani ya gari, na wa mama anayetembea ukingoni mwa barabara na ndoo yake. Tutengeneze ngozi kwa bidii, mfupa tuuheshimu, na hatari tuikatae kwa pamoja. Ndiyo kazi ya chama.