Ukuta wa Mshipa wa Damu
(Hotuba katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Asubuhi tulisimama kimya kuwakumbuka wenzetu waliotutangulia, na si wachache waliochukuliwa na kiharusi au ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo nimeona nizungumzie ukuta wa ateri.

Wengi wetu tulitoka darasani tukiamini kwamba ateri ni bomba tu, na kwamba mafuta huganda ndani yake kama masizi katika dohani. Lakini ukuta huo ni hai. Una seli za misuli laini, zinazokaza na kulegea ili damu ipite kwa kipimo.

Seli hizi zina tabia ya kugeuka. Mwaka 1979 Julie Chamley-Campbell, Gordon Campbell na Russell Ross waliandika kwa kirefu jinsi zinavyoacha kukaza zikikuzwa katika maabara, zikaanza kuzaana. Mwilini nako hutokea hivyo. Ukuta ukiumizwa na shinikizo la damu, sigara au kolesteroli nyingi, seli huacha kazi yake, huongezeka, na kuhamia upande wa ndani wa ateri.

Je, zimepoteza jeni zake? La. Jeni zote zimo. Kilichobadilika ni zipi zinazosomwa. Ni kama maktaba yetu: vitabu ni vile vile, ila kuna anayeamua kipi kifunguliwe. Mwaka 2001 maabara ya Eric Olson, huko Dallas, Marekani, ilitangaza protini iitwayo miokadini. Hushikana na protini nyingine, SRF, na kwa pamoja huwasha jeni za kukaza. Protini iitwayo KLF4 huzizima. Mwaka 2015 maabara ya Gary Owens, Virginia, ilionyesha kwamba panya walioondolewa KLF4 katika seli hizo walikuwa na uvimbe mdogo zaidi ukutani, tena ulio imara.

Neno imara lina uzito. Seli hizo hizo ndizo hufuma utando unaofunika mafuta. Utando ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Hapo ndipo moyo hushtukiwa. Kwa hiyo haifai kuziua seli hizi. Kazi iliyopo ni kuzielekeza zifume, zisiharibu.

Bado hatuna kidonge cha kuiamuru KLF4. Vijana, kazi hiyo inawangoja ninyi mnaopenda biolojia na kemia, msiziogope. Sigara ya kwanza ndiyo rahisi kuikataa. Nanyi wenzangu, ambao mashati yenu yanalalamika vifungoni, pimeni shinikizo la damu hata kama hamsikii maumivu, maana ukuta huu huharibika kimya kimya. Mwakani nataka tusomeane majina ya waliohudhuria.