Suluhu ya Burundi na Haki ya Jirani

Vita vya Burundi viliwaka mwaka 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Mapatano yalitiwa sahihi Arusha mwaka 2000, wala bunduki hazikunyamaza. Mwaka 2003 walifika askari wa Umoja wa Afrika. Mwaka 2004 nafasi yao ikashikwa na wale wa Umoja wa Mataifa, hata mwisho wa 2006.

Askari mgeni aweza kumtenga mpiganaji na silaha yake, lakini hawezi kumrudishia mkimbizi shamba lake. Wengi waliorejea kutoka Tanzania waliwakuta wengine wakilima ardhi ya wazee wao, nao wana watoto wa kulishwa. Hapo ndipo itakiwapo suluhu: wazee waketi, ushahidi usikizwe, asidhulumiwe mmoja ili aridhishwe mwingine. Amani isiyo na haki ni moto uliofunikwa majivu.