Kabla Fedha Haijatoka Mkononi: Mazungumzo na Wazazi Kuhusu Maonyesho ya Kadi

Ndugu wazazi na walezi, pamoja nanyi vijana mlioketi huko nyuma na majalada yenu ya kadi magotini,

Tulipoalikwa kuja kuzungumza nanyi juu ya haki za mnunuzi hapa Marekani, tulijiandaa kwa maswali ya magari yaliyotumika na mikataba ya kupanga nyumba. Maswali mengi mliyotuandikia yalikuwa ya kadi: kadi za Pokémon, za mpira wa kikapu, za besiboli. Wengi wenu mlikulia Bukavu, Kigoma au Mombasa, mkabadilishana gololi na vizibo vya soda bila kutoa hata senti. Hamkuwa na sababu ya kujua kwamba kipande cha karatasi ngumu kinachotosha kiganjani huweza kuuzwa kwa bei ya kodi ya nyumba ya mwezi mzima.

Basi tuanze na mahali penyewe. Mwisho wa juma, mwandalizi hukodi ukumbi au ujia wa jumba la maduka, akapanga meza za kukunja, kisha akawapangisha wauzaji meza hizo. Mara nyingi hakuna kiingilio, na mtoto aliyekuja kununua viatu hujikuta katikati ya masanduku ya vioo. Wauzaji wengine wametoka majimbo ya mbali. Jumapili jioni hufunga masanduku yao na kuondoka, na Jumatatu asubuhi pale palipokuwa na meza pana kiti cha kupumzikia wateja. Uongozi wa jumba humjua mwandalizi tu. Tungeombwa kutaja hatari moja kubwa ya maonyesho haya, tungetaja hiyo ya Jumatatu kabla ya kadi bandia.

Mama mmoja wa mji huu alitujia mwaka uliopita. Mwanawe wa miaka 13 alikuwa amefyeka nyasi za majirani kiangazi chote, akaweka dola 180. Katika maonyesho aliona kadi ya Charizard ndani ya kasha la plastiki lililofungwa, lebo yake ikitaja daraja la 9. Bei ilikuwa dola 220. Muuzaji akasema kwa fedha taslimu atapokea 180. Hapakuwa na risiti. Usiku, kijana alipoitafuta namba ya lebo katika tovuti ya kampuni ya upimaji, kadi ilionekana, jina lilikuwa sawa na daraja lilikuwa sawa. Lakini kadi iliyopigwa picha ilikuwa na doa jeupe kwenye pembe ya chini, na ya kwake haikuwa nalo. Mtu alikuwa amenakili lebo halali na kuifungia kadi nyingine.

Hapa inafaa tueleze maana ya daraja. Zipo kampuni zinazopokea kadi, kuchunguza pembe, kingo, uso na uwiano wa pambizo, kisha kuipa alama kuanzia 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha lenye namba. Tofauti ya alama moja tu huweza kupandisha bei mara kadhaa. Kwa sababu hiyo wadanganyifu hawahangaiki tena na kadi peke yake. Hughushi na kasha. Tovuti za kampuni hizo hukuruhusu kuitafuta namba bure, na kadi nyingi zina picha. Fanyeni hivyo mkiwa bado mmesimama mezani. Katika majumba mengi mtandao wa simu ni dhaifu, kwa hiyo sogeeni hadi mlangoni ikibidi. Muuzaji mwaminifu atawangojea. Anayewaambia kwamba mtu mwingine yuko njiani kuja kuichukua, mwacheni huyo mtu aichukue.

Wala msidhani kasha halisi humaliza maswali yote. Kadi ya Honus Wagner, iliyochapwa kati ya 1909 na 1911, ilipewa daraja la 8 mwaka 1991, na ndiyo iliyopewa namba ya kwanza kabisa na kampuni ya PSA. Mwaka 2013 mwenye nyumba ya mnada aliyewahi kuimiliki alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane safi zaidi. Wataalamu waliitazama, wakaipa daraja hata hivyo.

Kwa kadi isiyo ndani ya kasha, chukueni kioo cha kukuzia na kadi nyingine ya kawaida ya aina hiyo hiyo mnayojua ni halali. Zilinganisheni rangi za mgongo, unene, na ukali wa herufi. Kadi za Pokémon zina tabaka jeusi katikati ya karatasi, ambalo jicho makini huliona kwenye ukingo. Bandia nyingi hazina, na mwanga wa tochi hupenya kwa urahisi. Pakiti za zamani zilizofungwa ni jambo jingine. Baadhi hupimwa kwenye mizani, zile nzito zenye kadi za kung'aa zikatengwa, na zilizobaki ndizo zinazofika mezani. Nyingine hufunguliwa na kugandishwa upya. Mwaka 2022 mnunuzi mashuhuri, Logan Paul, alifungua kreti aliyoilipia dola milioni 3.5 akitumaini kukuta Pokémon. Akakuta kadi za G.I. Joe. Kreti hiyo nayo ilikuwa imethibitishwa kabla ya kuuzwa.

Yale masanduku ya bahati nasibu, ambayo muuzaji hufungasha mwenyewe na kuandika juu yake kwamba huenda ndani mna kadi ya dola 500, sisi hatuyapendi. Hatuoni sababu ya kumnunulia mtoto kitu ambacho muuzaji peke yake anajua kilichomo.

Kuna jambo tunaloliona linaumiza zaidi, nalo ni mtoto kuuza au kubadilishana na mtu mzima. Ni kawaida muuzaji kununua kwa asilimia 60 hadi 80 hivi ya bei ya soko, kwa kuwa naye analipia meza na safari, na hilo si wizi. Wizi huanza pale mtoto asiyejua bei anapoambiwa kuwa kadi yake ni ya dola 5. Kabla ya kutoka nyumbani, kaeni na mtoto mtazame bei ambazo kadi kama zake zimeuzwa kweli, si bei zinazoombwa, mziandike kwenye karatasi. Kisha simameni naye mezani. Kwa jumla, sheria za majimbo humruhusu aliye chini ya miaka 18 kutengua mapatano aliyofanya, lakini haki hiyo haina nguvu kama hamjui mliyepatana naye ni nani.

Kwa hiyo pigeni picha: kadi mbele na nyuma, lebo ya bei, namba ya meza, bango lenye jina la biashara. Ombeni risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, itakayotaja jina la kadi, daraja na maneno kwamba ni halali. Mkilipa kwa kadi ya mkopo ya benki, mna njia ya kuyapinga malipo. Mkitumia programu ya simu, msikubali kuyatuma kama zawadi kwa rafiki ili muuzaji akwepe ada. Malipo ya namna hiyo kwa kawaida hayana kinga ya mnunuzi. Ipo pia kanuni ya shirikisho inayompa mnunuzi siku 3 za kazi kubatilisha ununuzi wa dola 130 au zaidi uliofanyika mahali palipokodiwa kwa muda, kama hoteli au viwanja vya maonyesho. Ina misamaha yake, kwa hiyo msiende mkiitegemea, lakini itajeni katika barua yenu. Barua hiyo iende kwa muuzaji, nakala kwa mwandalizi, nyingine kwetu. Ijazeni tarehe, kiasi na picha. Hasira mtuachie sisi tukizungumza nanyi kwa simu.

Yule mama hakuwa na risiti, ila alikuwa amempiga mwanawe picha mbele ya meza ili amtumie bibi yake Uvira. Nyuma ya bega la kijana lilisomeka jina la biashara. Kwa jina hilo mwandalizi alimtambua muuzaji, na baada ya barua mbili kutoka ofisini kwetu zikarudi dola 150. Kwa ajili ya zile 30 tumekwisha kumwandikia barua ya tatu.

Muuzaji hakutaka kurudishiwa kasha, na kijana ametukubalia tuje nalo. Lipo mezani karibu na birika la chai, pamoja na kioo cha kukuzia na kasha halisi la kulinganishia. Karibuni mlitazame kwenye mshono wa ubavuni, upande wa kushoto.