Malipo ya Nyanya

Somo letu ni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mlango wa 5, aya ya 4. Hapo mtume Paulo awaagiza watoto na wajukuu wa mjane waanze ibada yao nyumbani, kwa kuwarudishia wazee wao mema waliyotendewa.

Sisi ni wajukuu wa kisiwa cha Takawiri, katika Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay. Nyanya yetu, tuliyemwita Dani kama wasemavyo Wajaluo, alitulea kwa omena. Samaki hao huvuliwa usiku wa giza, maana huvutwa na mwanga wa taa. Asubuhi akina mama huwanunua, huwaanika juani, kisha huwauza kwa gorogoro. Mvua ikinyesha, mali huharibika. Tena mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu, na kazi husimama. Kwa hiyo Dani aliweka akiba siku za giza, ili tule siku za mbalamwezi. Wazazi wetu walipofariki, hakuuliza ni nani atakayewachukua watoto. Alitandika mkeka mwingine.

Wala hakuwa peke yake. Tarehe 29 Machi, 2021, alifariki Mama Sarah Onyango Obama wa Kogelo, Siaya, aliyezaliwa mwaka 1922. Ulimwengu ulimjua kuwa nyanya wa Rais wa 44 wa Marekani. Lakini baba wa rais huyo hakuzaliwa naye. Alimlea kama mwanawe. Aliwatunza pia yatima na wajane. Yeye alikuwa Mwislamu, nasi twamtaja kwa heshima. Tangu ukimwi ulipoanza kuvunja nyumba zetu miaka ya 1980, nyanya wengi kandokando ya ziwa wamekuwa mama kwa mara ya pili.

Sasa, ndugu msikilizaji, malipo yao hulipwa lini? Tumeona mazishi ambapo ng'ombe wanachinjwa, mahema yanakodiwa, na jeneza la fahari linaletwa kwa mashua. Kumbe marehemu alilala miaka mingi chini ya paa linalovuja. Dani alituambia, "Chai ya leo naionja mwenyewe, ya matanga watakunywa wengine." Ndugu yetu mkubwa akalisikia neno hilo, akamwezekea nyumba yake. Dani alikaa humo miaka sita, akisikia mvua usiku bila kuamka kusogeza sufuria. Siku ya kumzika hatukuwa na fahari kubwa, lakini tulikuwa na amani.

Bwana Yesu mwenyewe, katika maumivu ya msalaba, hakumsahau mama yake. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akamchukua kwake tangu saa ile. Hakungoja kesho.

Basi, kama nyanya yako angali hai, usimpelekee salamu tu. Nenda ukatazame paa lake, blanketi lake na mtungi wake wa maji. Kaa naye, umsikilize. Na kama amekwisha kulala, yuko mjane jirani asiye na mjukuu. Deni lako laweza kulipwa mlangoni pake.

Tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa wazee waliotubeba. Utupe mikono ya kuwabeba wao wangali wakituona. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.