Urundi Yawekwa Rehani: Vita vya Wajerumani na Wabelgiji vya 1916



Katika mazungumzo yetu ya leo tutavitazama vita ambavyo havikuanzishwa na Mrundi, wala Mnyarwanda, wala mtu yeyote wa Kongo, lakini vilipita katika vilima vyetu, vikala chakula cha watu wetu, na vikaacha nyuma yake mpaka ambao wengi wenu mmepata kuulinda. Ni vita walivyopigana Wajerumani na Wabelgiji katika Ruanda na Urundi mwaka 1916, vikiwa ni tawi la Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918.

Vitabu tulivyosomeshwa sisi katika shule ya sekondari vilieleza vita hivyo kwa kuanza na risasi zilizopigwa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, ambazo zilimwua mrithi wa kiti cha Austria. Vikaendelea na Verdun, na Marne, na mahandaki ya Ufaransa. Gitega haikupata hata mstari mmoja. Basi swali la kwanza analopaswa kujiuliza askari wa nchi hii ni hili: risasi ya Sarajevo ilipata wapi njia ya kufika kwetu?

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuchongwa miaka thelathini kabla. Madola ya Ulaya yalikutana Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, yakaweka kanuni za kugawana bara la Afrika. Urundi ikaangukia fungu la Mjerumani. Mwami Mwezi Gisabo hakuipokea hukumu hiyo kwa mikono miwili. Alipambana na majeshi ya Wajerumani kwa miaka kadhaa, hata mwaka 1903, kule Kiganda, alipolazimika kukubali mapatano. Mwaka 1912 Wajerumani wakajenga makao yao Gitega. Toka hapo ugomvi wowote wa Berlin ukawa, kwa sheria ya wakoloni, ugomvi wa Gitega pia.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi sana. Mkataba ule ule wa Berlin uliruhusu nchi za bonde la Kongo, pamoja na hizi zetu, zisiingizwe katika vita endapo wenyewe wangegombana huko kwao. Si kwamba walituonea huruma. Mwenye shamba hapendi moto uingie shambani mwake, hata kama yeye na jirani yake wanashikana mashati uani. Basi tarehe 4 Agosti 1914 Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji, watawala wa Kongo waliendelea kwa siku chache kusema kwamba koloni lao halimo vitani. Lakini tarehe 22 Agosti meli ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Kibelgiji, Alexandre Delcommune, katika pwani ya Kongo ya Ziwa Tanganyika. Mwezi uliofuata Wajerumani wakakiteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, ambacho walikuwa wamekubali mwaka 1910 kwamba ni cha Ubelgiji. Ahadi ya Berlin ikafa hapo.

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu majeshi mawili yakatazamana, moja upande huu wa Ruzizi na jingine upande ule. Mjerumani alilishika Ziwa Tanganyika, hata Waingereza walipoleta mashua mbili ndogo za kivita kwa njia ya nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo zikaikamata meli iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kuanzia hapo njia ya Mbelgiji ikaanza kufunguka.

Lakini Mbelgiji alitaka nini Urundi? Nchi yake mwenyewe ilikuwa karibu yote mikononi mwa adui. Serikali yake ilikuwa imehamia Sainte-Adresse, karibu na Le Havre, katika nchi ya Ufaransa. Tuiite kwa jina lake: ilikuwa serikali ya wakimbizi. Na serikali hiyo ya wakimbizi, iliyolalamika duniani kote kwamba nchi ndogo imeonewa na dola kubwa, ilikuwa ikitayarisha jeshi la kuteka nchi za watu wengine. Nia yake haikuwa hasa kuitawala Urundi. Ilitaka kuwa na kitu mkononi siku ya kukaa mezani. Mawaziri wake walikuwa na tamaa ya kupata ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, uliokuwa wa Mreno, ili njia ya koloni lao kwenda baharini ipanuke. Wakafikiri kwamba nchi zitakazotekwa mashariki zinaweza kupewa Mwingereza, naye Mwingereza amridhishe Mreno, na Mreno aachie ukingo wa mto. Sisi tulikuwa rehani.

Mpango wa vita ulikuwa wa Jenerali Charles Tombeur, akiongoza jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoitwa Force Publique, lenye askari Waafrika zaidi ya 11,000. Brigedi ya kaskazini ilikuwa chini ya Kanali Molitor. Ya kusini chini ya Olsen, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiutumikia Ubelgiji. Mashambulizi yakaanza Aprili 1916. Kigali ikatwaliwa tarehe 6 Mei, Usumbura tarehe 6 Juni, na Gitega tarehe 17 Juni. Anayejua kazi ya uaskari ataona mara moja kwa nini miji hiyo ilianguka upesi. Mjerumani, ambaye majeshi yake ya Urundi yaliongozwa na Meja von Langenn-Steinkeller, alikuwa na watu wachache na mpaka mrefu. Brigedi moja ilimjia kutoka magharibi, na nyingine ilikuwa kaskazini, ikielekea Biharamulo na Ziwa Viktoria, yaani nyuma yake. Angeng'ang'ania vilima vya Urundi angezungukwa. Akachagua kuiacha nchi na kuliokoa jeshi. Akarudi nyuma kuelekea Tabora, nayo ikaanguka tarehe 19 Septemba 1916 baada ya mapigano makali. Tombeur baadaye alipewa ubaroni wenye jina la mji huo.

Na mwenye nchi alikuwa wapi? Mwami Mutaga alikuwa amefariki mwishoni mwa 1915. Aliyekalia kiti ni Mwambutsa, mtoto wa miaka kama minne, chini ya uangalizi wa wakubwa wa ukoo, akiwamo Ntarugera, mwana wa Mwezi Gisabo. Hivyo bendera ya Gitega ilibadilishwa mbele ya mfalme ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni.

Tuseme sasa juu ya mzigo. Katika nchi isiyo na barabara wala reli, na yenye mbung'o wauao ng'ombe na farasi, jeshi hutembea juu ya vichwa vya watu. Fanyeni hesabu nyinyi wenyewe. Mpagazi akibeba kilo 25 za chakula, naye akila kilo moja kila siku, mzigo wote utamwishia yeye mwenyewe kwa siku 25. Akitakiwa kwenda na kurudi, basi akifika mwendo wa siku kumi na mbili hana cha kumpa askari aliye mbele. Kwa hiyo kwa kila bunduki moja walihitajika watu wengi wa kubeba, na wabebaji nao walihitaji wabebaji. Pengo lililobaki lilizibwa kwa kuchukua maharage, mtama na ng'ombe wa wananchi. Ruanda ikaingia katika njaa kuu iliyoitwa Rumanura, na mwaka 1918 homa ya mafua ya dunia nzima ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Kwa upande wa majeshi ya Mwingereza peke yake, hesabu inayotajwa ya wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki inakaribia 95,000. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa, wala si risasi. Ukifika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kumbuka kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Askari wenyewe, wa pande zote mbili, walikuwa Waafrika. Wa Mjerumani aliamriwa kwa Kiswahili. Kwa Mbelgiji kilisikika Kilingala, na Kiswahili pia kwa wale wa mashariki ya Kongo. Usiku, katika kingo mbili za Ruzizi, walinzi wa jeshi hili na walinzi wa jeshi lile wangeweza kusemezana bila mkalimani. Jeshi la mwisho la Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, liliweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani ya Ulaya. Malimbikizo ya mshahara wa askari wake Waafrika yalingoja hadi 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa waliokuwa wangali hai.

Tarehe 30 Mei 1919 Mwingereza Milner na Mbelgiji Orts walikubaliana juu ya mgawanyo. Mreno alikataa kuachia ukingo wa mto Kongo, basi Mbelgiji akabaki na rehani ambayo hakuna aliyetaka kuikomboa: Ruanda na Urundi. Shirikisho la Mataifa likamthibitishia udhamini mwaka 1922, naye mwaka 1925 akaziunganisha nchi hizi na utawala wa Kongo. Yaliyofuata mnayajua. Kahawa ililimwa kwa amri, na vijana wakakimbilia Uganda na Tanganyika kutafuta fedha za kodi. Utawala ukapangwa upya toka juu: mwaka 1929 kati ya machifu 133 wa Urundi, 27 walikuwa Wahutu, ilipofika 1945 hakubaki hata mmoja. Machozi ambayo Burundi imeyatoa tangu uhuru wa 1 Julai 1962 yana mizizi mingi, na mmoja wa mizizi hiyo umo katika daftari hilo la machifu.

Katika mapatano ya 1919 Mwingereza alitaka nafasi ya kupitisha reli, kwa hiyo akapewa Gisaka, mashariki mwa Ruanda. Wenyeji na wamisionari wakapiga kelele, na ilipofika 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Urundi, haikurudishwa. Leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara katika Tanzania. Julai 1964, huko Cairo, nchi huru za Afrika ziliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, kwa kuhofia kwamba kila aliyeonewa na kalamu ya mkoloni angeshika bunduki kuisahihisha. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ingawa uliuhifadhi pia mstari wa Milner na Orts.

Mto Ruvubu unaopita upande wa Buhinyuza huendelea na safari yake hadi Tanzania, ukaungana na Kagera. Naye mfanyabiashara wa Muyinga anayevuka Kobero kwenda Kabanga huonyesha cheti chake na kujibu maswali ya forodha kwa Kiswahili. Kisha, akifika sokoni, hupatana bei na Mhangaza wa Bugufi, kila mmoja akisema lugha ya nyumbani kwake, nao wakaelewana.